Bomba Kuu la Choo Likiziba: Fito, Gari la Kunyonya au Sururu?

Maji machafu yanapoanza kurudi chooni, wenye nyumba wengi wa Unguja na Pemba huchagua njia ya kuzibua kwa kufuata namba ya simu waliyonayo. Mwenye namba ya fundi bomba humwita fundi, mwenye namba ya gari la kunyonya huita gari, na asiye na namba yoyote huenda dukani kununua kemikali. Njia zote hizo zina mahali pake, lakini kila moja inatibu tatizo lake peke yake. Gari likinyonya karo, yaani shimo la maji machafu ya nyumba, hadi likabaki tupu halitafungua bomba lililoziba kabla ya kufika karoni, na fundi akisukuma fito kutwa nzima hatalipunguza karo lililojaa hata kwa ndoo moja. Ndiyo maana ulinganisho huu unaanza na mahali kizuizi kilipo, kwani bila ya kupajua hapo hakuna bei inayoweza kuitwa nafuu.

Kwanza fungua chemba

Ikiwa sinki la jikoni peke yake ndilo linalochelewa kupitisha maji, na vyoo na bafu vinafanya kazi kama kawaida, tatizo liko kwenye bomba dogo la sinki hilo na bomba kuu halihusiki. Bomba kuu likiziba, dalili hujitokeza mahali pengi kwa pamoja, na huanza pale palipo chini kuliko pote: maji ya mashine ya kufulia hutokea kwenye tundu la bafu, au ukimwaga ndoo kwenye choo kimoja unasikia cha pili kinabubujika. Choo cha kuchuchumaa kilichojengwa usawa wa ardhi ndicho kinachofurika mwanzo, ilhali choo cha kukaa cha ghorofani kinaweza kuendelea kufanya kazi vizuri kabisa, jambo ambalo huzusha mabishano marefu kati ya wakaazi wa juu na wa chini juu ya nani aliyeziba.

Baada ya hapo hufunguliwa chemba zote, yaani vishimo vyenye mifuniko vilivyo kwenye njia ya bomba, kwa mpangilio, kuanzia iliyo karibu na ukuta wa nyumba hadi ya mwisho kabla ya karo au kabla ya bomba la barabarani. Chemba moja ikiwa imejaa na inayofuata ikiwa kavu, kizuizi kiko baina yao. Zote zikiwa zimejaa, na maji ya ndani yake yamesimama usawa mmoja na yale ya karoni, basi karo ndilo lililojaa na bomba halina kosa. Zote zikiwa kavu hali ya kuwa choo kinafurika, kizuizi kiko kati ya choo na chemba ya kwanza, pengine chini ya msingi wenyewe. Uchunguzi huu hauhitaji mtaalamu. Unahitaji mtaimbo wa kuinulia mfuniko, glavu za mpira na subira ya kuacha hewa chafu itoke kabla ya kuinamia. Kinachokwamisha mara nyingi ni kwamba chemba hazionekani. Zimefukiwa chini ya saruji, au ua mzima umewekwa vigae ili upendeze, na siku ya msiba fundi analazimika kugonga sakafu kwa nyundo akisikiliza wapi panalia utupu. Ua uliowekwa vigae bila ya kuacha mifuniko wazi ni urembo ambao mwenye nyumba atakuja kuulipia mara ya pili.

Katika nyumba moja ya Fuoni, mama mwenye nyumba alikuwa amekwisha kumpigia simu dereva wa gari la kunyonya pale fundi aliyeitwa na jirani alipofunua mfuniko wa karo na kuingiza ufito uliozungushiwa kitambaa cheupe. Ufito ulipotolewa, kitambaa kilikuwa na alama nyeusi ya tope sehemu ya chini tu, na juu yake maji ya kawaida ambayo hayajaufikia mdomo wa bomba la kuingilia. “Bi Mkubwa, gari liache,” alisema. “Karo lako lina nafasi tele, bomba ndilo lililobanwa.” Kitambaa hicho kinatoa jibu zuri kuliko maelezo ya mtu yeyote anayetaka kuuza huduma yake. Kwa karo lililojengwa vizuri, lenye sakafu na kuta za saruji, tope likifika thuluthi ya kina chake ndipo linapohitaji kunyonywa, na kwa familia ya kawaida hilo huchukua miaka 3 hadi 5.

Fito, presha na kemikali

Ikiwa kizuizi kiko ndani ya bomba, njia ya kuanzia ni fito za kuzibulia, yaani zile fimbo nyembamba za plastiki ngumu zinazoungana kwa skrubu na kufungwa kichwa cha mpira au cha chuma kilichopindwa mbele. Ni njia ya gharama ndogo, haihitaji umeme wala barabara ya gari, na inaingia katika uchochoro wowote wa Ng'ambo, mitaa ya mji iliyo nje ya Mji Mkongwe. Kizuizi kikiwa ni pampasi, kitambaa, taulo za kike au mkusanyiko wa karatasi, fito hukimaliza. Kosa linalowaponza vijana wanaojifunza kazi hii ni kuzungusha fito kinyume cha mshale wa saa, kwa sababu hapo skrubu hufunguka ndani ya bomba na kipande kikabaki humo, na kizuizi kimoja kikawa viwili. Fito huzungushwa upande mmoja tu, kufuata mshale wa saa, wakati wa kusukuma na wakati wa kuvuta.

Zipo nyumba ambazo badala ya fito hutumia nondo iliyobaki ujenzini. Nondo haipindi kwenye kona, hutoboa. Bomba la plastiki la inchi 4 lililotobolewa kwenye kona litaendelea kupitisha maji kwa muda, na mwenye nyumba ataamini kuwa kazi imekwisha, kumbe maji yanaosha udongo wa chini ya msingi na mchanga unaingia bombani kidogo kidogo. Mwanzi uliopasuliwa, ambao wazee waliutumia kabla ya fito za dukani, ni salama zaidi kuliko chuma hicho, ingawa huvunjika.

Swali la kutoka chemba ipi ni la maana kuliko linavyoonekana. Kusukuma kutoka chemba iliyojaa ni kufanya kazi ndani ya maji machafu bila ya kuona mdomo wa bomba uko wapi, ilhali kusukuma kutoka chemba kavu ya chini, kurudi juu, humpa fundi nafasi ya kuona anachokifanya na kukitoa kizuizi nje badala ya kukisogeza mbele. Kwa upande mwengine, kizuizi kikiachia, maji yote yaliyosimama nyuma yake humshukia yeye kwa kishindo, kwa hivyo husimama kando ya chemba na kamwe haingii ndani yake.

Mashine ya maji ya presha ni hatua ya juu ya fito. Mpira wake una kichwa chenye matundu yanayorusha maji kwa nyuma, na nguvu hiyo ndiyo inayokivuta kichwa mbele huku ikisugua kuta za bomba. Hapa ndipo tofauti ya kweli na fito inapoonekana: fito hutoboa njia katikati ya uchafu na kuacha ganda lililoshika pembeni, na presha huliondoa ganda lenyewe. Kwa nyumba za hapa kwetu hilo lina uzito wake, kwa sababu maji ya visima na ya mabomba katika sehemu kubwa ya Unguja hutoka kwenye mawe ya chokaa na ni magumu. Chokaa hiyo ikikutana na mafuta ya kupikia na sabuni hufanya utando mweupe mgumu, na utando huo hukamata machicha ya nazi, punje za wali na magamba ya samaki hadi bomba la inchi 4 likabaki na tundu la kupita vidole viwili. Jiko linalokaanga sambusa, kachori na bajia kila jioni ya Ramadhani, kisha mafuta ya karai yakamwagwa sinkini, huufanya mwezi mmoja kuwa sawa na miezi kadhaa ya matumizi ya kawaida. Ikiwa historia ya bomba lako ni mafuta, fito zitakuletea nafuu ya muda na presha itakuletea nafuu ya kudumu zaidi, japokuwa bei yake ni kubwa na hutumia maji mengi, jambo la kufikiriwa katika mtaa ambao maji hutoka kwa zamu.

Presha hailifai kila bomba. Nyumba za zamani zina mabomba mafupi ya udongo wa kuchoma yaliyounganishwa kwa saruji, na maungio yake yaliyochoka yanaweza kufumuka kabisa. Kwa mabomba hayo ni bora fito na mkono mwepesi.

Watu wengine hujitengenezea presha ya nyumbani kwa kuingiza mpira wa bustani chembani, wakauzungushia matambara na kufungua bomba la maji. Kuna hatari ambayo wachache huifikiria: maji ya mtaani yakikatika ghafla wakati mpira umezama kwenye maji machafu, bomba la maji safi huvuta hewa kwa nyuma na linaweza kuyanyonya maji hayo ya chembani hadi kwenye njia ya maji ya kunywa. Hapa ambapo maji kukatika si jambo la ajabu, mpira uliounganishwa moja kwa moja na bomba la mtaani haufai kabisa kuingizwa chembani. Anayelazimika na atumie maji ya tangi la juu la nyumba yake, tena lisilo na njia ya kurudi.

Kuhusu kemikali, sina mengi ya kuzipigia debe. Kostiki soda hufanya kazi kwenye mafuta yaliyoganda katika bomba la sinki, karibu na mahali ilipomiminwa. Ikifika bomba kuu lenye mamia ya lita za maji yaliyosimama, imekwisha kuyeyuka na kupoteza nguvu. Haiyeyushi pampasi, haikati mizizi na haiondoi mchanga. Inachoweza kufanya ni kumuunguza macho na mikono fundi atakayekuja baadaye bila ya kuambiwa, na kuwaua vijidudu vya karoni ambavyo kazi yao ni kuuozesha uchafu. Tindikali ya betri ni mbaya zaidi, na ikichanganyika na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Siki na magadi huchemka povu zuri la kutazama, kisha huuana yenyewe kwa yenyewe. Hamira inayotupwa karoni na unga wa vijidudu unaouzwa madukani havina nguvu yoyote juu ya bomba lililoziba, na mafuta ya taa ambayo baadhi ya watu huyamwaga ili kuondoa harufu huishia kwenye maji ya chini ya ardhi, ambayo ndiyo tunayoyachota visimani.

Gari la kunyonya

Gari ndilo chaguo sahihi pale tu kitambaa cheupe kinapoonesha kuwa karo limejaa tope, au pale ambapo maji lazima yapunguzwe ili fundi aione njia. Malipo yake huwa kwa tripu, na hapo ndipo hesabu inapohitajika. Karo la mita 2 kwa 2 lenye kina cha mita 2 linachukua mita 8 za ujazo, yaani lita 8,000. Gari lenye tangi la lita 5,000 halitalimaliza kwa tripu moja. Mwenye nyumba anayelipia tripu moja tu huondolewa maji ya juu, ambayo ni mepesi kunyonyeka, na tope zito la chini, lililokuwa ndiyo sababu ya kuita gari, likabaki pale pale. Kabla ya kazi kuanza, inafaa kukubaliana kuwa tope litakorogwa kwa maji hadi lilegee na ndipo linyonywe, na mtu asimame aone. Dereva mwaminifu hachukizwi na sharti hilo.

Kina nacho kina mpaka wake. Pampu ya kunyonya hutegemea mgandamizo wa hewa, na kwa vitendo haiwezi kuyainua maji machafu kutoka kina kinachozidi mita 7 au 8 chini ya gari. Mashimo marefu yaliyochimbwa zamani kwa mkono hayaishi kwa gari peke yake. Mpira pia una urefu wake, na katika mitaa iliyobanana kama Kwahani na Jang'ombe, ambako nyumba zimejengwa ukuta kwa ukuta, dereva hulazimika kuunganisha mipira mingi kupitia baraza za watu. Kila kiungo hupunguza nguvu na huongeza uwezekano wa kumwagika mlangoni kwa jirani, kwa hivyo ni adabu kuwaarifu majirani na sheha mapema, na kuwa na chokaa na maji tayari.

Msimu una uamuzi mkubwa kuliko bei. Makaro mengi nje ya Mji Mkongwe hayakusakafiwa chini. Yamejengwa ili maji yanyonywe na ardhi. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, maji ya chini ya ardhi hupanda katika maeneo ya bondeni, na badala ya karo kutoa maji linayapokea. Kulinyonya wakati huo ni kununua siku chache tu, kwa sababu maji yanayorudi si ya choo chako bali ni ya mvua. Kuna ubaya mwengine: kuta za karo lisilosakafiwa zinaposhikiliwa na maji kutoka ndani na nje, kulikausha kwa ghafla huziacha zikisukumwa na udongo uliolowa wa upande mmoja, na huweza kuporomoka, na tangi la plastiki lililozikwa, likiwa tupu katika ardhi iliyojaa maji, linaweza kuinuka na kung'oa mabomba yake. Wakati mzuri wa kunyonya ni kaskazi, kabla ya mvua kubwa, ingawa hakuna anayelikumbuka karo lake katika siku za jua.

Swali la mwisho kwa mwenye gari ni wapi atakwenda kumwaga. Tripu ya bei ya kutupa mara nyingi huishia kichakani au pwani, na uchafu uliolipiwa ili uondoke ukarudi kwa njia ya nzi na visima. Muulize kibali chake cha baraza la manispaa au baraza la mji.

Iwe ni gari, fundi au mtoto wa nyumbani anayetaka kusaidia, hakuna anayepaswa kuingia karoni. Gesi ya haidrojeni salfaidi inanuka yai viza ikiwa kidogo, lakini ikizidi huiua kwanza pua yenyewe, mtu akadhani harufu imeondoka, kisha akaanguka. Na wa pili anayeshuka kumwokoa huanguka vivyo hivyo. Sigara na kiberiti navyo vikae mbali na mfuniko ulio wazi, kwa sababu ya gesi ya methani inayowaka.

Sururu

Kuchimba na kubadilisha bomba ni ghali kuliko yote, na ndiyo sababu huahirishwa hadi fedha zilizolipwa kwa fito zikapita gharama ya bomba jipya. Zipo alama zinazosema wazi kuwa muda wa fito umekwisha. Kizuizi kinarudi pale pale kila baada ya miezi michache. Kichwa cha fito kinatoka na mchanga au udongo mwekundu, maana yake bomba limevunjika. Kinatoka na nyuzi za mizizi, na nje kuna mwembe, mkungu au mvinje uliopandwa karibu na njia ya bomba, kwani mizizi hufuata unyevu na huingia kwenye ungio lililopasuka hata kama ufa wake ni wa unene wa uzi. Au sakafu ya ua imetitia mahali pamoja. Kwa dalili yoyote katika hizi ningechagua sururu bila ya kusita, hata kama presha ingeweza kuninunulia mwaka mmoja.

Kabla ya kuchimba ua mzima, kuna jaribio la kale lisilo na gharama. Mtu mmoja humulika tochi ndani ya bomba kutoka chemba ya juu, na mwengine hushika kioo cha mkononi kwenye chemba ya chini akiwa amekiinamisha ili aone ndani. Bomba lililonyooka huonesha duara zima la mwanga. Lililotitia huonesha nusu duara, au mwanga ukiakisiwa na maji yaliyosimama. Lililovunjika huonesha giza mahali lilipovunjikia. Mara nyingi hugundulika kwamba kinachohitaji kubadilishwa ni mita 3 na si 15.

Mteremko ndio roho ya kazi yote. Bomba la inchi 4 linahitaji kushuka kiasi cha sentimita 2.5 kwa kila mita, yaani sentimita 25 kwa mita 10. Likiwa tambarare, uchafu hutulia. Katika nyumba zetu tatizo hili huzidishwa na upungufu wa maji: choo kinachomiminwa kopo moja au mawili siku ambayo tangi limekauka hakiwezi kuusukuma uchafu hadi karoni hata katika bomba lenye mteremko mzuri, sembuse katika bomba lililolazwa kwa kukadiria kwa jicho. Mwenye nyumba aombe apimiwe kwa mpira wa maji au pima maji mbele yake, kabla ya mchanga kurudishwa. Kona ya digrii 90 ibadilishwe kwa kona mbili za digrii 45, na kila mahali njia inapogeuka pawekwe chemba.

Ardhi nayo ina kauli. Katika sehemu za uwanda wa mawe za kusini na mashariki ya Unguja, na katika ukanda kama huo wa Micheweni, Pemba, mtaro unachimbwa jiweni na gharama ya kazi huizidi gharama ya bomba mara kadhaa. Tena mawe yenye ncha hukata plastiki, kwa hivyo hulazimu kutandika mchanga msafi wa sentimita 10 hivi chini ya bomba na kulizungushia kabla ya kufukia. Magharibi ya Pemba, kwenye vilima vya udongo mzito, kuchimba ni rahisi na mteremko unapatikana wenyewe, lakini udongo huo haunyonyi maji upesi, na nyumba inayoambiwa kila mara kuwa bomba lake limeziba inaweza kuwa na bomba zima na karo dogo mno kwa ardhi ile. Kule, fedha ya sururu huenda ikafaa zaidi kuongezea shimo la pili la kunyonyea maji kuliko kubadilisha bomba. Na kwa mwenye nyumba wa vijiji vya mbali na Chake Chake au Wete, umbali wa gari huongezwa kwenye bei ya tripu, kwa hivyo mizani yake huelemea zaidi upande wa kujenga vizuri mara moja.

Mji Mkongwe na majumba ya ghorofa

Nyumba za Mji Mkongwe zilizounganishwa na mtandao wa maji machafu wa mji hazina karo la kunyonya, na mpaka wa wajibu uko kwenye chemba ya mwisho ya nyumba. Ikiwa chemba hiyo ni kavu na ndani mnafurika, kazi ni yenu. Ikiwa imejaa na ya jirani pia imejaa, kumlipa fundi binafsi ni kuzibua bomba la mji kwa mfuko wako, na pa kupeleka taarifa ni baraza la manispaa. Jambo jengine la kuangalia hapo ni bahari. Mabomba ya mji humwaga kwa mteremko kuelekea baharini, na maji ya hapa hupanda na kushuka kiasi cha mita 4 wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Katika sehemu za chini, hasa kando ya Darajani ambako zamani palikuwa na mkono wa bahari uliokuja kufukiwa, choo kinachorudisha maji saa za maji kujaa na kutulia maji yanapokupwa huenda hakina kizuizi cha kuzibuliwa kwa fito. Andika saa za kufurika kwa siku chache, uzilinganishe na saa za maji, kabla ya kumlipa mtu.

Kuchimba katika nyumba hizo ni suala la kuta pia. Kuta za mawe na chokaa hunyonya maji ya bomba linalovuja hadi ghorofa ya juu, na mtaro uliochimbwa karibu mno na msingi usio na zege unaweza kuudhuru. Mji huu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na kazi inayogusa jengo inahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Muda wa kusubiri kibali ni sehemu ya gharama, na ni sababu nzuri ya kujaribu fito kwa utulivu kwanza.

Kwenye majumba ya ghorofa ya Michenzani na Kilimani, na yale ya miji ya Pemba, bomba la kusimama ni la watu wote lakini mafuriko ni ya mmoja, yule wa chini. Kumwachia yeye alipe peke yake si haki, na tena hakusaidii, kwa sababu hawezi kuwazuia wa juu wasimwage. Ili kujua kizuizi kiko usawa gani, humiminwa maji yenye rangi ya chakula kutoka ghorofa moja baada ya nyengine, na kuangaliwa yanatokea wapi. Presha kutoka chemba ya chini ndiyo inayofaa zaidi hapo kuliko fito, mradi bomba si la udongo, na gharama ikigawanywa kwa milango yote inakuwa ndogo kuliko ya fundi wa kila mwezi anayelipwa na mlango mmoja.

Baadhi ya wenye nyumba wana chaguo lao jengine ambalo hawalitaji hadharani, nalo ni kulielekeza bomba kwenye mtaro wa maji ya mvua wakati mvua inanyesha ili isionekane. Hilo halimo katika ulinganisho huu. Kisiwa ambacho kimeteswa na kipindupindu mara kwa mara, hata ikafanyika chanjo ya maradhi hayo Unguja na Pemba mwaka 2009, hakina nafasi ya kulijadili.

Kazi yoyote itakayochaguliwa, mifuniko irudishwe na izibwe kingo zake kwa saruji nyepesi inayoweza kubanduliwa tena. Mbu wanaoeneza matende huzaliana kwenye makaro na chemba za aina hii. Ndiyo maana Makunduchi, mwishoni mwa miaka ya 1980, mashimo ya vyoo yenye maji yalifunikwa kwa tabaka la punje za plastiki nyepesi zinazoelea, pamoja na watu kupewa dawa. Kabla fundi hajaondoka, mimina ndoo kumi kwa mkupuo kwenye choo cha mbali zaidi huku chemba ya mwisho ikiwa wazi, uone maji yanafika kwa kasi na bila ya kusimama njiani, kisha upime kwa futi umbali wa kila chemba kutoka kwenye pembe ya nyumba na kuuandika nyuma ya mlango wa stoo.